Jiko la ghorofani lenye upana wa mita 1.9: nivunje ukuta wa sebuleni au nilipange upya?

Mkazi wa Forest, Mbeya

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliowahi kukarabati jiko dogo la nyumba ya ghorofa, hasa kwa hali ya hewa yetu ya nyanda za juu. Naishi ghorofa ya pili katika jengo la ghorofa tatu hapa Mbeya mjini, na nyumba ni yangu mwenyewe, si ya kupanga. Chumba cha jiko kina urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 1.9. Ukiingia, upande wa kushoto kuna meza ya zege yenye kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 90, sinki liko mwisho wake chini ya dirisha, na mlango unafungukia ndani kiasi kwamba mmoja akiwa anaosha vyombo na mwingine akataka kuingia, wa kwanza hana budi kujibana ukutani. Mtungi wa gesi wa kilo 15 umekaa sakafuni kando ya sinki. Nyuma ya mlango pamesimama gunia la mchele wa Kyela na debe la maharage, na shangazi anapotutembelea kutoka Tukuyu, mkungu wa ndizi nao hutafuta pa kulala.

Kabati la chini ya sinki limeumuka kama andazi. Lilitengenezwa kwa zile mbao zilizoshindiliwa kwa vumbi la mbao na gundi, na halijamaliza hata masika mawili.

Fundi aliyekuja kupima ameshauri tuvunje ukuta unaotenganisha jiko na sebule ili vyumba viwe kimoja, kisha tuweke makabati mapya ya juu na ya chini. Mke wangu hajaridhika, na mimi nina wasiwasi na ukuta wenyewe. Je, ni busara kuvunja? Na kama si kuvunja, nafasi itapatikana wapi?

Mwashi wa Iyunga

Kaka, usiruhusu nyundo iguse ukuta huo kabla hujaona mchoro wa jengo. Katika majengo mengi ya ghorofa mzigo hubebwa na nguzo na bimu za zege, na kuta za ndani huwa ni za kugawa vyumba tu. Hata hivyo yapo majengo ambayo kuta za tofali ndizo zinazobeba slabu ya juu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa inayofuata, na kwa macho huwezi kutofautisha kwa sababu plasta hufunika vyote. Wapo wanaogonga ukuta kwa kidole na kusikiliza mlio. Mlio utakueleza kama tofali lina uwazi ndani, lakini hautakueleza limebeba nini. Aidha, tupo ndani ya Bonde la Ufa, na mitetemo midogo ya ardhi si jambo geni Mbeya. Ukuta ambao siku zote umesaidia jengo lisiyumbe huonekana hauna kazi mpaka siku ardhi inapotikisika.

Lipo pia suala la umiliki. Kuwa na hati ya nyumba yako hakukufanyi uwe mmiliki pekee wa jengo. Chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, kila mmoja ana sehemu yake, na yapo maeneo ya pamoja ambayo wenye sehemu wote wana haki nayo. Kabla ya kugusa ukuta, slabu au bomba kuu la maji taka linaloshuka kutoka kwa jirani wa juu, zungumza na uongozi wa jengo na umlipe mhandisi akague. Gharama ya ukaguzi ni ndogo kuliko ya kumjengea upya jirani.

Mimi nisingevunja. Ningeanza na huo mlango. Bawaba zikihamishwa ili ufungukie nje, unaokoa eneo lote ambalo sasa ni uwanja wa mlango kupita, na kazi yenyewe ni ya siku moja.

Mama wa Uyole

Nakubaliana na mwashi, ila naona hadi sasa wanaume wamezungumza habari za ukuta na hakuna aliyeuliza nani anasonga ugali katika jiko hilo na ana urefu gani.

Nilikarabati jiko langu miaka minne iliyopita kwa kufuata picha nzuri nilizoziona kwenye simu, nikapata meza ya sentimita 90 kutoka mwanzo hadi mwisho, kama ya kwako. Kwa kukata mboga ni sawa kabisa, mgongo hauumi. Kwa ugali ni mateso. Tufanye hesabu pamoja: meza sentimita 90, juu yake jiko la gesi la mezani ambalo ni sentimita 10, juu yake sufuria ya familia yenye kina cha sentimita 20. Mdomo wa sufuria unakuwa sentimita 120 kutoka sakafuni. Mimi nina urefu wa sentimita 158 na kiwiko changu kiko kwenye sentimita 98. Ina maana nausonga ugali wa dona nikiwa nimeinua mabega kama mtu anayetaka kuruka, na nguvu yote inatoka mkononi, wakati aliyezoea kusonga anajua kwamba nguvu hutoka mgongoni na uzito wa mwili hushuka kupitia mwiko. Mvuke nao unakupiga usoni. Mwezi wa pili bega la kulia likaanza kulalamika, nikarudi kusongea kwenye mkaa verandani, jiko jipya likabaki la kuonyesha wageni.

Nilichofanya baadaye ni kumwita fundi akate kipande cha meza chenye upana wa sentimita 70 na kukishusha hadi sentimita 66. Hapo jiko la gesi likikaa na sufuria ikipanda, mdomo wake uko chini kidogo ya kiwiko changu. Nilimwomba pia aniwekee chuma cha kushikilia sufuria, kilichofungwa kwenye ukingo wa meza, ili sufuria isizunguke unga unapokaza. Wageni husema meza yangu ina ngazi, na mimi huwakaribisha ugali.

Kwa hiyo, baba, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti, chukua chaki uchore kila kitu sakafuni kwa vipimo vyake halisi, halafu mpe mama mwiko na sufuria yenye maji, apike kwa kuigiza chakula chote cha jioni huku watoto wakiingia na kutoka kama kawaida yao. Mtajua kila kitu kabla giza halijaingia.

Seremala wa Mafinga

Kamwene. Kuhusu kabati lililoumuka: tatizo la mbao hizo za kushindilia ni kingo zake. Uso umefunikwa na karatasi ngumu ya plastiki, lakini ukingo wa chini, unaogusa sakafu, mara nyingi fundi huuacha wazi kwa kuwa hakuna anayeuona. Maji ya kudekia yanapanda humo taratibu, vumbi lililoshindiliwa linajaa, na likishajaa halirudi. Kama bajeti inakulazimisha kutumia mbao hizo, zitumie kwenye makabati ya juu tu, na ufunge kingo zote. Chini ya sinki weka plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, au mbao halisi, na kabati lisimame juu ya miguu ya plastiki au kizingiti cha tofali cha sentimita 10 kilichovikwa vigae.

Kwa mbao halisi, sisi huku Mufindi tumebarikiwa msindano (paini) wa mashamba ya Sao Hill, na hapo Mbeya unafika kila siku. Ni mbao nyepesi, inarandika vizuri na bei yake inavumilika, tofauti na mninga au mkongo. Kosa ni kuinunua mbichi. Mbao iliyochanwa wiki iliyopita, ikapangwa wakati wa mvua kati ya Desemba na Aprili, ina maji mengi sana ndani yake. Ukiiunganisha hivyo, mwezi Agosti hewa ikikauka, milango ya makabati itajipinda na maungio yataachia. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha milango isiyofunga, na seremala wa kwanza ndiye aliyelaumiwa ilhali kosa lilikuwa la haraka ya mwenye nyumba.

Kipimo changu hakihitaji mashine. Zipange mbao ndani ya nyumba au kwenye veranda yenye paa, ukiweka vipande vidogo kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite. Chagua ubao mmoja, upime kwa mizani kila Jumamosi, uandike uzito wake kwa penseli ubavuni. Unaposhuka bado unakauka. Wiki tatu mfululizo ukibaki pale pale, mwite seremala.

Mkazi wa Forest, Mbeya

Nawashukuru sana. Mama wa Uyole, jana nilimsomea mke wangu maneno yako na akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu naye husongea ugali sakafuni sebuleni akidai kwamba anataka kutazama taarifa ya habari. Kiwiko chake kiko sentimita 101.

Naomba niongeze swali kuhusu gesi na umeme. Tunatumia pia jiko la presha la umeme kwa ajili ya maharage, birika na friji, na vyote vinategemea soketi moja yenye kiunganishi cha matundu manne.

Fundi umeme, Mwanjelwa

Kiunganishi hicho kiondoe hata kabla ya ukarabati. Jiko la presha la kawaida hula wati 1,000 hivi, birika wati 2,000, na friji kidogo. Vikiwaka pamoja kwa umeme wa volti 230 unapita ampia 13, ambazo ndizo kikomo cha soketi moja, na dalili ya kwanza utakayoiona ni plagi kuwa ya moto na plastiki yake kugeuka rangi ya chai. Jiko lako linahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye sakiti breka, kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, yenye soketi pacha mbili au tatu juu ya meza na zilizo mbali na koki ya sinki. Hakikisha pia kuna kifaa kinachokata umeme pale unapovuja kuelekea ardhini, kwa maana jikoni mikono huwa na maji.

Hilo jiko la presha usilione kama anasa. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika kama nyuzi 94, si 100. Ndiyo maana maharage yanayoiva Dar es Salaam kwa muda wa kawaida, hapa hukuchelewesha na kumaliza gesi. Presha hurudisha joto lililokosekana, kwa hiyo litengee mahali pa kudumu, na lisikae chini ya kabati la juu, kwani mvuke wake utaliharibu.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inashuka na kutanda sakafuni, na mtungi uliofungiwa ndani ya kabati lisilo na matundu chini ni hatari iliyofichwa kwa ustadi. Kama una veranda inayopakana na jiko, toa mtungi nje, mpira upite ukutani ndani ya bomba fupi la kuulinda, na valvu ya kufungia iwe mahali ambapo mkono unafika bila kuvuka moto. Mpira wenyewe ukianza kuonyesha nyufa, badilisha bila kusubiri.

Mwashi wa Iyunga

Naongeza kwa fundi umeme: tundu la mpira litobolewe kwa mashine, si kwa patasi na nyundo, na uulize kwanza kama hakuna waya uliopita hapo. Na kama mnatumia mkaa verandani, jiko la mkaa lisikae karibu na mtungi. Najua baridi ya Juni na Julai inawashawishi watu kuliingiza jiko la mkaa ndani baada ya kupika ili kupasha chumba joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na nyumba za ghorofa zimefungwa vizuri kuliko zile za zamani zilizokuwa na upenyo chini ya paa.

Mkazi wa Forest, Mbeya

Narudi na taarifa. Ukuta unabaki. Mhandisi alikuja, akatazama mchoro, akasema ukuta ni wa kugawa vyumba tu, ila bomba la maji taka la ghorofa ya juu limepita ndani yake, jambo ambalo fundi wangu wa kwanza hakulitaja.

Tulichora kwa chaki Jumapili. Mlango ulipochorwa ukifungukia nje tuliona utagonga kabati la viatu la ukumbini, hivyo kabati ndilo litakalohama. Mtungi umeshatoka nje, na pale ulipokuwa patawekwa droo mbili ndefu za kuvuta, ya chini ya mchele na ya juu ya maharage, ili gunia lisisimame tena nyuma ya mlango. Meza itashushwa kwa sentimita 22 upande wa karibu na mlango, kwa kuwa mke wangu alisimama hapo na mwiko mara tatu na kila mara akagoma kuhamia kwenye upande wa dirisha. Alisema mwanga wa asubuhi unampiga machoni, jambo ambalo mimi, ninayefika jikoni wakati wa kula tu, nisingelijua.

Mkungu wa shangazi bado hauna mahali. Tunafikiria kulabu darini, kwenye veranda.

Seremala, mbao za msindano nimezipanga kama ulivyoelekeza. Ubao wa kipimo ulikuwa kilo 4.6 Jumamosi ya kwanza, kilo 4.3 ya pili, na leo ni kilo 4.2. Nadhani nisimwite mtu bado.

Seremala wa Mafinga

Usimwite. Na ule wa tabaka la chini kabisa upime pia, maana huo ndio huchelewa.