Naomba ushauri: pawasaplai ya kupimia ndani ya kopo la maziwa, hewa ya chumvi Lamu

Asalaam aleikum mafundi. Naunda pawasaplai (kifaa cha kulisha saketi umeme) ya volti za kurekebisha ndani ya kopo la kilo 2 la maziwa ya unga: transfoma ya volti 18, dayodi nne za 1N5401, kapasita ya 2200µF (volti 35), LM317 (chipu ya kudhibiti volti), rezista ya omu 240 na potenshomita ya kilo-omu 5. Fyuzi ipo, na bati la kopo limeungwa na waya wa ethi.

Mgongo wa LM317 umeungana na mguu wa kutolea umeme, kwa hiyo nimeweka mika (karatasi isiyopitisha umeme) na bushi ya plastiki. Bila hivyo kopo lingegusana na volti za kutoka na kupiga shoti.

Tatizo ni joto. Nikitoa volti 5 kwa ampia 1, takriban wati 19 zinabaki kwenye LM317, bati jembamba halizimudu, nayo inajizima. Nikitoboa matundu, chumvi ya bahari itaingia na kingo zitashika kutu upesi.

Je, niweke hitsinki (chuma cha kupoza) nje na kuziba matundu kwa silikoni, au nitafute transfoma yenye tapu (waya wa ziada wa kutolea) ya volti 9 pia, niwe nabadilisha kwa swichi ili joto lipungue nikitoa volti ndogo? Walio Amu na Shela, mnapaka nini kwenye bodi ya saketi kuikinga na chumvi?