Naombeni ushauri: kifaa cha kupima damu anayopoteza mama akijifungua

Wakuu habari zenu, niko mwaka wa mwisho uhandisi wa vifaa tiba na projekti yangu ni kupima damu anayopoteza mama akishajifungua, maana mara nyingi inakadiriwa kwa macho tu na macho huwa yanapunguza, mtu anavuka mililita 500 (kiwango cha hatari) hakuna aliyeshtuka. Nimefunga sensa ya uzito chini ya mfuko wa kukingia, shida damu inachanganyika na maji ya uzazi na mkojo, uzito unanidanganya kabisa. Sasa nihamie kupima himoglobini (ile inayoipa damu rangi nyekundu) kwa mwanga au nibaki na uzito? Supavaiza anasema mwanga (leba yenyewe hajawahi kuingia). Wakunga mliomo humu, kazini mngekubali kuhangaika na waya kweli?