MREJESHO: Jenomu ya mbu nimeipata, na data zetu zimepokelewa

Wakuu, niliuliza wapi nitapata jenomu (DNA yote) ya Anopheles gambiae, mbu aenezaye malaria, na wapi tuweke mifuatano ya DNA ya mbu wetu. Asanteni sana, hasa aliyenielekeza VectorBase, hifadhidata ya mtandaoni ya jenomu za wadudu waenezao magonjwa.

Niliandika AGAP004707, namba ya utambulisho wa jeni, nayo ikafunguka palepale: kromosomu 2L. Ndiyo inayotengeneza mlango wa sodiamu kwenye neva, pale dawa ya vyandarua inapompiga mbu. Nilikuwa natafuta ule usugu wa dawa unaotokana na asidi amino leusini kugeuka serini kwenye protini hiyo, mabadiliko yanayojulikana sana Afrika Mashariki. Angalizo kwa mnaoanza: vitabu husema nafasi ya 1014, lakini hiyo ni hesabu inayofuata protini ya nzi wa nyumbani. Kwenye mbu huyu ni 995. Usipolijua hilo utatafuta mpaka uchoke!

Mifuatano ghafi ya DNA ya mbu wetu tumeipeleka ENA, hifadhi ya Ulaya ya mifuatano ya DNA iliyoko Uingereza. Inabadilishana data na hifadhi wenzake, GenBank ya Marekani na DDBJ ya Japani, kwa hiyo ukiweka sehemu moja inatosha. Jazeni mahali na tarehe mbu alipokamatwa, tafadhali. Bila hivyo mtafiti mwingine hawezi kufuatilia usugu unavyosambaa.