Tupeane uzoefu: riwaya isiyokutoka kichwani, na kitabu kilichokufundisha kuandika

Mpenda Riwaya: Wakuu, jana nimemaliza kuirudia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) na bado sijatulia. Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa, na mwandishi hatuhubirii hata kidogo. Anamwacha binti aikimbie ndoa, aangukie kwa Mwajuma, sisi tunamfuata roho juu. Taja riwaya moja na kitabu kimoja kilichokufundisha kuandika. Useme na sababu, si jina tupu.

Kalamu Nyeusi: Kiu, ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972). Bahati anapenda kwa moyo wake wote, kumbe Idi anapiga hesabu za mali ya Mwinyi. Msomaji unajua, Bahati hajui. Taharuki niliielewa hapo, sio darasani. Cha kufundisha ni On Writing cha Stephen King (2000): rasimu ya kwanza andika mlango umefungwa, ya pili ndiyo uufungue.

Mtoto wa Msa: Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya 1960. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni anauliza kile kile ninachotaka kuuliza mimi. Anayetaka kuandika upelelezi amsome Najum kwanza, halafu ndiyo amsome Msa.

Shangazi Zuu: Hapo umesema. Najum hasifiwi inavyostahili.

Fundi Mizani: Mbona hamtaji Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi (1954)? Nathari yangu imenyooka kwa kitabu kile. Ukizoea kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, neno la ziada unalisikia kabla hujaliona.

Kalamu Nyeusi: Mkuu, tunazungumzia riwaya. Kezilahabi aliziacha hizo sheria kwenye Kichomi, diwani yake ya mwaka 1974, na ndiye huyo huyo wa riwaya ya Rosa Mistika. Kuziacha kulimpunguzia nini?

Fundi Mizani: Aliziacha akiwa anazijua. Vijana wa leo wanaacha wasichowahi kukishika.

Binti wa Bandarini: Nimeona jina la Adam Shafi nikashindwa kupita kimya. Marehemu baba alikuwa kuli. Uzeeni mtoto wa jicho alimzidi, nikawa namsomea Kuli (1979) jioni, barazani. Wengi mnaijua, makuli wa Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Baba hakuwa msikilizaji wa kunyamaza. Nikifika penye mizigo ananikatiza: "Ngoja mwanangu. Gunia linatua hapa, nyuma ya bega, na unainama kabla halijakufika. Ukilisubiri umesimama wima, limekuvunja." Nilikuwa na penseli, nikawa naandika pembeni mwa ukurasa kila anachosema. Majina ya wenzake, nani aliangukia ngamani mwa meli, nyimbo walizokuwa wakivutia mizigo. Kuna kurasa penseli ilijaa kuliko chapa yenyewe.

Baba akafariki. Baada ya arobaini nikasafiri kikazi, narudi nakuta chumba chake kimesafishwa. Ndugu mmoja, sitamtaja, alikuwa ameuza vitabu vyote kwa kilo, vikafungiwe karanga. Nilikimbia hadi kwa muuzaji. Meza imejaa koni za karatasi. Nikawa nafungua moja moja, karanga namrudishia bakulini, naye ananitazama tu bila neno. Hesabu za shule. Gazeti. Gazeti tena. Halafu nikaikunjua moja, nikaona mwandiko wangu: "Baba anasema hapa watu huimba." Nyingine zote zilikuwa zimeshauzwa. Nililia pale pale, watu wanapita.

Kwa hiyo mimi riwaya yangu ni Kuli, na kitabu kilichonifundisha kuandika ni hicho hicho, pembeni mwake.

Shangazi Zuu: Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu mzee.

Mpenda Riwaya: Aisee. Tafuta nakala nyingine leo hii uandike upya yote unayoyakumbuka. Usilale. Kumbukumbu haikusubiri.

Fundi Mizani: Usimharakishe. Akiandika na uchungu huu atajiandika yeye, mzee hatakuwemo. Binti, anza na zile nyimbo. Wimbo haupotei haraka, mizani inaushikilia.

Kalamu Nyeusi: Fundi, hata msibani unakuja na mizani!

Fundi Mizani: Hasa msibani. Mbolezi, nyimbo za kumlilia maiti, unadhani zimedumu kwa nini?

Kalamu Nyeusi: Sawa, hapo sibishi. Binti, tafuta Bird by Bird cha Anne Lamott (1994). Kaka yake, akiwa mtoto, alikuwa na ripoti ya ndege ya kuandika na muda umemwishia; baba yao akamwambia amchukue ndege mmoja mmoja. Wewe anza na lile gunia peke yake. Mgomo utakuja wenyewe.

Mtoto wa Msa: Mimi ningerudi kwa muuza karanga nimuulize karatasi anazitoa wapi na nani mwingine anauziwa. Bwana Msa angeanzia hapo.

Binti wa Bandarini: Asanteni. Nakala mpya ninayo, na ile karatasi nimeibandika ndani ya jalada. Nyimbo mbili nazikumbuka nzima, ya tatu imebaki kiitikio. Kuna mjomba waliyefanya naye kazi, bado yu hai, Ijumaa nakwenda kumwimbia hicho kiitikio anikamilishie.

Mgeni wa Usiku: Nimechelewa. Yangu ni Nagona ya Kezilahabi (1990).

Kalamu Nyeusi: Nagona si riwaya, ni ndoto. Nitajie kisa chake kwa sentensi moja.

Mgeni wa Usiku: Rosa Mistika utaisimulia kwa sentensi moja, ndiyo. Nagona soma kwa sauti, usiku, bila kurudi nyuma, halafu ndiyo uje tubishane.