Roboti ya kwanza ya gramu 454: kabari, mkono wa kunyanyua au diski wima?

Mwanagenzi
Wakuu, habari zenu. Naunda roboti yangu ya kwanza ya mapambano, daraja la gramu 454. Kulehemu waya najua, na printa ya 3D nimepata ya kuazima. Niko njia panda: kabari tupu ya kusukuma, mkono wa kunyanyua unaoendeshwa na servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiagiza), au diski inayozunguka wima? Moyo unavutwa na diski. Mnanishaurije?

KabariTu
Karibu sana ndugu. Anza na kabari. Mimi nilianza na diski. Ikapigwa ubavuni mara moja tu, ikazima. Nilipoifungua nikakuta waya mwekundu wa betri umechomoka kwenye soketi, nyuzi zake zimechanua kama ufagio. Diski yenyewe haikuwa na hata mkwaruzo! Anayeanza huangushwa na waya uliolegea, skrubu iliyofunguka na mikono ambayo haijazoea rimoti. Kabari inakupa nafasi ya kujifunza hayo yote.

FundiDiski
Mkuu, hapo kwenye waya umenena, lakini usimvunje moyo. Tupige hesabu. Diski ya gramu 80 yenye nusu kipenyo cha sentimita 3.5, ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, inabeba jouli 27 hivi. Ni kama kilo 1 iliyodondoka kutoka mita 2.7. Ongeza mzunguko mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Kabari hukaa inasubiri mwenzake akosee.

Tatizo lake nalo nilitaje: ukikata kona ghafla diski ikiwa kwenye kasi, gurudumu la upande mmoja linanyanyuka, kwa sababu kitu kinachozunguka hukataa kugeuzwa mhimili. Dawa ni kutanua nafasi kati ya magurudumu na kuiweka diski chini kadiri inavyowezekana.

BiSkrubu
Jamani, tuanze na mizani. Mota mbili za N20 (mota ndogo zenye gia), betri ya seli mbili, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), vidhibiti vya mota, magurudumu na waya: weka gramu 100. Ukiunda kabari, unabakiwa na gramu 350 hivi za bodi, yaani mwili wa roboti, na bamba la mbele. Ukitaka diski, ongeza diski yenyewe 80, mota yake 30, kidhibiti chake 15, ekseli na beringi 25. Bodi inabaki na 200, na hapo kila ukuta unaanza kuwa mwembamba. Mkono wa kunyanyua unakaa katikati: servo yenye gia za chuma pamoja na mkono wake, gramu 70 zinatosha.

Na bodi usiichape kwa PLA, ile plastiki ngumu ya printa ya 3D, inapasuka kama kigae. Chapa kwa TPU, plastiki laini kama mpira, inabonyea kisha inarudi. Ubao wa plastiki wa kukatia mboga nao unafaa sana, unakatika kwa msumeno wa kawaida.

Mimi kura yangu ni mkono wa kunyanyua. Ukimpindua mwenzako ambaye hawezi kutembea kichwachini, umemmaliza.

KabariTu
Nakubaliana na BiSkrubu kuhusu TPU. Mwanagenzi, njia yoyote utakayochagua, bamba la mbele lifunge kwa bawaba ili lijilalie sakafuni lenyewe. Kisha sukuma karatasi chini ya ukingo wake. Ikipenya, na kabari ya mpinzani itapenya.

Mwanagenzi
Asanteni mno. Nimeamua: kabari yenye bamba la kufungua kwa skrubu nne, na nyuma yake naacha nafasi ya servo. Nikishazoea kuendesha, naweka mkono. FundiDiski, diski nitakuja kukuuliza roboti ya pili.

FundiDiski
Uamuzi mzuri, nitakusubiri. Ila hata bila diski, usalama ni ule ule. Betri ya LiPo (ya lithiamu polima) usiichaji ukaenda kulala. Kila seli isizidi volti 4.2, na ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8. Weka kiungio cha kuchomoa nje ya bodi, ili ukate umeme bila kufungua skrubu hata moja. Halafu inyanyue roboti, zungusha magurudumu hewani, na uzime rimoti. Mota zisiposimama papo hapo, usiingie nayo ulingoni mpaka urekebishe mipangilio ya risiva.