Siku moja ya kujitolea shambani: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wikiendi. Juzi tulikwenda watu 22 kutoka kazini kujitolea kutwa nzima kwenye shamba la kilimo hai, lisilotumia dawa wala mbolea za viwandani. Nilijua tunakwenda kumsaidia mwenye shamba. Kufika saa nne nikaona tunamchelewesha tu. Majembe sita, watu kumi na sita wamesimama wanapiga picha, na mimi nimeshang'oa nusu mstari wa karoti.

Najitetea kidogo. Karoti ikiwa changa ina vijani viwili vyembamba kama uzi, ukipita haraka ni nyasi tupu. Magugu ndiyo yalikuwa yamenenepa, yamekaa kama mboga ya kuchuma. Mama mwenye shamba akaja akachuchumaa kando yangu, akaokota kimche kimoja nilichotupa, akakifikicha, akaninusisha. Karoti kabisa. Hakugomba. Alinihamishia kwenye toroli.

Leteni na vya kwenu.

#2
Pole, mleta mada 😂 Sisi tulipewa lundo la mboji tuligeuze, nikadhani tunaadhibiwa. Kuchoma uma tu, mvuke huo! Katikati palikuwa na nondo ya chuma imechomekwa. Msimamizi akaichomoa, akatuambia tuishike, nani ashike? Akasema lundo lililokubali hufika nyuzijoto 55 hadi 65, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu. Ya pembeni hayapati joto hilo, ndiyo maana linageuzwa, ya nje yaingie ndani.

Lundo la pili lilikuwa limepoa na linanuka mayai viza. Majani mabichi matupu, maji yamejaa, hewa haipiti. Tukalichanganya na makavu. Kipimo chao cha unyevu sijakisahau: fumbata, kamua. Tone moja au mawili, sawa. Yakitiririka, umezidisha maji.

#3
Mimi mgongo. Siku mbili nashuka ngazi kinyumenyume. Na msiende na buti mpya, nawasihi.

#4
Naongea kama mwenye shamba, vikundi napokea sana. Kikundi kikubwa usikipe kusia mbegu wala kupalilia miche midogo, kipe kubeba. Mawe, mboji, matandazo (majani makavu ya kufunika udongo). Watu ishirini na toroli tano, asubuhi moja wanamaliza kazi ambayo ingenila wiki nzima. Kwa hiyo kabla ya kuja pigeni simu muulize kuna kazi gani na vifaa vingapi.

Linaloniuma ni matuta. Nasema msikanyage tuta, na kila kikundi hakikosi mtu anayelikanyaga huku anaomba samahani. Udongo ule umelegezwa na minyoo na mizizi kwa miaka, trekta haliingii humo. Ukiukanyaga umelowa unashindiliwa, maji hayapenyi tena. Na matandazo msiyabananishe kwenye shina, linaoza. Acha vidole vitatu vinne pawe wazi.

#5
Sisi tuliaibisha. Fulana mpya za kikundi, bango, hotuba ya saa nzima. Ilipofika saa tisa dereva anapiga honi, trei mbili za miche bado hazijapandwa, zipo juani. Tukapanda basi. Nilikaa dirishani nikiziangalia mpaka tukakata kona. Hakuna aliyesema kitu.

#4
Trei mbili, jua hilo, bila maji? Hizo hazikufika jioni. Mngezisogeza kivulini tu, dakika moja.

#5
Najua, mkuu.

Mleta mada
#4, kabla hujaondoka: zile karoti nilizong'oa, nilizirudishia kimyakimya. Zitashika?

#4
Kumbe na wewe ni wale wale. Zikishika zitaota zimepinda au na miguu miwili, mzizi wa karoti hautaki kusumbuliwa. Mwambie mama asie upya, na wewe baki na toroli.