Tupeane uzoefu: onyesho la wawili wanaopendana bila kutamka

Wadau wa jukwaa, nawasalimu. Kikundi chetu hapa Nairobi kinaandaa igizo fupi la kuchekesha: fundi wa nguo wa soko la Gikomba na mteja aliyeleta kitenge. Wanabishania bei na shingo ya gauni tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja kampenda mwenzake, hakuna anayethubutu kusema. Wengi wetu tukipewa onyesho kama hili hukimbilia kukonyeza macho na kulamba midomo. Watu wanapiga mayowe, lakini utamu wote umemwagika dakika ya kwanza. Mlioigiza haya, mlifanyaje?

Binti wa Kaloleni
Niliigiza mama mboga na mteja wake wa jioni. Mwelekezi aliniletea sukuma wiki na kisu, nikawa nakata kwelikweli. Kijana akikaribia kusema neno tamu, kisu kinaongeza kasi. Akirudi kwenye habari za bei, kinatulia. Watu walicheka kabla sijafungua kinywa. Tulikatazwa kutazamana ila mara moja tu, anapopokea chenji. Na kila mmoja alipewa shabaha ndogo: mimi nataka asiondoke, yeye anataka nimuulize jina. Mtu hawezi kuigiza "mapenzi". Kumzuia mtu asiondoke unaweza.

Mkongwe wa Mazoezi
Jaribuni zoezi la kurudia la Sanford Meisner, mwalimu wa uigizaji wa Marekani aliyeanza kufundisha shule ya maigizo ya Neighborhood Playhouse, New York, mwaka 1935. Mmoja anasema analoliona: "Umevaa shati la bluu." Mwenzake: "Nimevaa shati la bluu." Mnarudiana hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi, mpaka sauti ibadilike yenyewe kwa sababu ya aliye mbele yako. Mkirudi kwenye mistari ya kitenge, maneno yatabaki ya kitenge na sauti itasema mengine. Halafu kicheko kikipanda, nyamazeni. Kikianza kushuka, ingieni.

Nyota wa Umoja
Naomba tusisahau mipaka. Kuna mwenzangu aliyenishika kiuno mbele ya hadhira, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya mazoezini. Watu walicheka, mimi nilikasirika, na hasira ile ilionekana. Tangu hapo sipandi jukwaani kabla ya kukubaliana: mkono unafika wapi, kwa mstari upi, unaondoka lini. Huko Marekani kituo cha televisheni cha HBO kilitangaza mwaka 2018 kwamba maonyesho yake ya mapenzi ya faragha yatakuwa na mratibu maalumu wa kusimamia mipaka ya waigizaji. Sisi wa vikundi vidogo tunaweza kumpa mmoja wetu kazi hiyo bila gharama. Ukijua hutaguswa kiholela, mwili unalegea, na utani unatoka wenyewe.

Mleta mada
Asanteni sana, hasa kwa hili la mipaka, kwa maana fundi lazima apime mwili. Tutapanga kila kipimo: bega, urefu wa mkono, basi. Kiuno mteja ajipime mwenyewe na amtajie fundi namba, naye asahau kuiandika, aulize tena. Swali limebaki: mikono ya mteja ifanye nini wakati wa kupimwa bega?

Binti wa Kaloleni
Ahesabu pesa za kumlipa fundi. Tepu ikigusa bega, apoteze hesabu, aanze upya.